Seva inazimika na kujiwasha yenyewe mzigo ukipanda, logi haisemi kitu. Nianzie wapi?

#1 Mwana_Kikwajuni | Jumatatu, saa 3:10 usiku

Assalaam alaykum wakuu.

Seva ni ya raki, U2, mtumba. Prosesa mbili za wati 145 kila moja, RAM GB 128 (vijiti 16 vya GB 8, vyote vya ECC, yaani vyenye kurekebisha makosa madogo), diski 8 za SAS za inchi 2.5, pawa saplai mbili za wati 495. Imekaa ghorofa ya kwanza kwenye jengo la mawe Mji Mkongwe, upande wa baharini. Ndani ni mfumo wa Debian wenye mashine pepe 6 (kompyuta za kuigiza ndani ya seva): Postgres ya hifadhidata, mafaili, barua pepe na nyengine ndogo ndogo.

Mchana mzigo uko asilimia 20 hadi 30 na haina neno. Saa 4 usiku inaanza bekapu: hifadhidata inatolewa, inabanwa kwa zstd kwa nyuzi (threads) zote za prosesa, halafu inafungwa kwa siri na kupelekwa kwengine. Baina ya dakika ya 10 na ya 25 seva inazimika ghafla, feni zinavuma kwa nguvu, inawaka tena bila mtu kuigusa.

`last -x` inaonyesha reboot bila shutdown kabla yake. `journalctl -b -1 -e` inaishia kwenye mstari wa kawaida kabisa. Taa za pawa saplai zote mbili kijani. UPS ni ya VA 1500, ile inayopitisha umeme wa ukutani moja kwa moja na kuhamia betri umeme ukikatika. Tatizo limeanza kaskazi ilipoingia.

Umeme, joto, memori au keneli (kiini cha mfumo)? Naomba njia ya kutenganisha.

#2 Fundi_Mlandege

Wa alaykum salaam. Pawa saplai hiyo. Tupige hesabu: prosesa 290, vijiti 16 kwa wati 4 ni 64, diski 8 kwa wati 8 ni 64, feni 6 zikienda kasi yote wati 15 kila moja ni 90, ubao na kadi ya RAID (inayosimamia diski) na ya mtandao tia 60. Jumla 568. Ongeza hasara za saketi zinazoshusha volti kwenye ubao, unafika wati 600.

Pawa saplai mbili zinabeba 990, hapo hakuna shida. Moja peke yake inabeba 495, haitoshi. Kwa hiyo moja ni mgonjwa, mchana mwenzake anambeba, usiku anashindwa. Toa moja, endesha bekapu na iliyobaki, kisha ubadilishe.

#3 Chaza

Yakhe, mbona umeruka neno "kaskazi" kwenye uzi wake? Disemba hadi Machi chumba kisicho na kiyoyozi usiku kinabaki nyuzi 30 na zaidi. Seva za aina hiyo zinapendekezewa hewa ya kuingia nyuzi 18 hadi 27.

Tena ni nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, plasta ikizeeka inamwaga unga mweupe mchana na usiku. Unga ule unajaa kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa), feni zinapiga kelele lakini hewa haipiti. Fungua kifuniko, toa ile kava ya plastiki inayoelekeza hewa, tazama hitisinki upande unaotazama feni. Ukiona kama blanketi la kijivu, jibu umelipata. Halafu tazama pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki: ikikauka na kupasuka, prosesa mbili zitatofautiana nyuzi 10 au zaidi kwa mzigo ule ule.

#4 Maalim_Keneli

Tusikimbilie bisibisi. Logi kuishia kwenye mstari wa kawaida si ushahidi wa umeme bado. Journald kwa kawaida inasukuma maandishi kwenye diski kila dakika 5 (`SyncIntervalSec`), isipokuwa ujumbe wa daraja la CRIT na kuendelea, huo unasukumwa papo hapo. Kwa hiyo dakika za mwisho kabla ya ajali zinaweza kupotea zikiwa bado kwenye memori. Ishushe iwe sekunde 5 kwenye `/etc/systemd/journald.conf` na uhakikishe saraka ya `/var/log/journal` ipo.

Kisha tizama yafuatayo kabla ya kubadilisha chochote:

`sysctl kernel.panic vm.panic_on_oom`. Kama kernel.panic ni 0, keneli ikianguka mashine inaganda, haijiwashi. Kama ni 10, inajiwasha baada ya sekunde 10 na utadhani ni umeme.

`ls /sys/fs/pstore /var/lib/systemd/pstore`. Maneno ya mwisho ya keneli mara nyengine yanasalia hapo hata baada ya kuwaka.

`wdctl` na `ipmitool mc watchdog get`. Hizi ni za mlinzi (watchdog). Akikosa kupigiwa hodi kwa muda aliopangiwa, anaiwasha mashine upya kwa nguvu. Bekapu ikimaliza RAM na mashine ikaanza kuswapu (kutumia diski badala ya memori), mfumo unachelewa kumjibu, na yeye hana subira.

`ipmitool chassis restart_cause`. Hii inakujibu kwa neno moja: mlinzi, kitufe, au umeme uliorudi.

`ipmitool sel elist`. Kitabu cha matukio (SEL) cha BMC, kompyuta ndogo ya ubaoni inayoisimamia seva, hakitegemei Debian, kinaandikwa hata mfumo ukiwa umekufa.

Na tia netconsole. Kwenye seva: `dmesg -n 8; modprobe netconsole netconsole=@192.168.10.5/eno1,6666@192.168.10.9/`. Kwenye kompyuta ya pili: `nc -u -l 6666 | tee keneli.txt` (nc nyengine zinataka `-p` kabla ya namba). Keneli ikilia, kilio kitafika kule kabla haijafa.

#5 BintiMkoani

Salaam kutoka Pemba. Nyongeza kwa Maalim: usiku wa leo acha ping inakwenda kwa anwani ya BMC na kwa anwani ya Debian, zote mbili, kila nusu sekunde, kutoka kompyuta nyengine yenye betri yake. BMC inakula umeme wa akiba wa pawa saplai, unaokuwepo hata seva ikiwa imezimwa. Umeme wa kuingia ukikatika kweli, BMC nayo itakufa na itachukua dakika moja au zaidi kurudi. Ikiwa BMC haikutetereka, umeme wa ukutani haukuondoka kwa muda wa maana.

Kwa Fundi_Mlandege: kabla hajatoa kitu, aangalie mzigo wa kila moja kwa `ipmitool sdr type Current`. Taa ya kijani inasema tu kwamba pawa saplai iko hai, haisemi inabeba ngapi.

Kwa Chaza: joto la kweli la prosesa haliiwashi mashine upya. Kwanza prosesa inapunguza kasi yenyewe. Ikiendelea kupanda inakata umeme kabisa na mashine inabaki imezimwa mpaka mtu abonyeze kitufe. Yeye yake inarudi peke yake.

#6 Chaza

Hilo la prosesa nakubali, lakini joto haliishii kwenye prosesa. Saketi za kushusha volti kutoka 12 hadi ile inayotumiwa na prosesa ziko pembeni ya soketi, zina koili na transista zake, na zina kinga zao. Zikichemka, volti inatetereka na mashine inajiwasha bila kupita hatua za prosesa ulizozitaja. Kwenye hewa iliyozibwa na vumbi ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu nyingi hazina hata hitisinki.

#7 Pweza_wa_Fumba

Nyote mmeiruka UPS. Kitu kinachofanya mzigo uwe na maana ni kapasita kubwa ndani ya pawa saplai. Chukua ya mikrofaradi 330 inayochajiwa volti 390, na pawa saplai inaendelea kufanya kazi mpaka ishuke kwenye volti 300 hivi. Nishati iliyopo kati ya hapo ni nusu ya C mara tofauti ya mraba wa volti: kama joule 10. Ukigawa kwa mzigo unapata muda ambao seva inaishi bila umeme:

Wati 150: milisekunde 67.
Wati 500: milisekunde 20.
Wati 500 na kapasita iliyozeeka, imebaki nusu: milisekunde 10.

UPS ya aina yako inachukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia betri. Mchana ina nafasi kubwa ya kupita salama, usiku chini ya mzigo inakwama kwenye ukingo. Kisha seva inajiwasha kwa sababu umeme umesharudi. Kwa hiyo umeme wa ukutani ukiyumba mzunguko mmoja tu, ambao kwa hertz 50 ni milisekunde 20, mchana hakuna atakayejua.

Kompresa ya kiyoyozi iko laini gani? Ikiwa iko fezi moja na UPS, kila ikiwaka inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida na volti inashuka kwa muda mfupi. Tena UPS nyingi za bei hiyo zikiwa kwenye betri zinatoa wimbi la ngazi, si wimbi laini. Pawa saplai za kisasa zinazosahihisha mkondo haziupendi ule muda wa sifuri katikati ya ngazi, na zikiwa zimebeba mzigo mkubwa zinajikata.

#8 Sharifu_Mitandao

Umeme wa huku tangu kebo ya chini ya bahari ya Fumba ya 2010 umekuwa na tabia yake, kila mtu ana stebilaiza nyumbani.

#9 BintiMkoani

Sheikh, 2010 ni yetu ya Pemba, ile ya kV 33 kutoka Tanga. Ya kwanza ya Unguja, Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ni ya 1980, kV 132 na megawati 45. Ya pili ya megawati 100 ilianza kazi 2013. Giza kubwa la Unguja la mwezi mzima 2008, na lile la miezi kama mitatu kuanzia Disemba 2009, yote mawili yalitokea kebo ikiwa moja. Hayo hayana uhusiano na seva inayoanguka saa 4 na dakika 15 kila usiku wa bekapu. Tatizo la gridi lingeipiga na mchana.

#10 Pweza_wa_Fumba

Nimeeleza juu kwamba mchana linapita bila kuonekana. Lakini kebo tuiache, mtafaruku wa volti wa mita 5 za mwisho ndani ya jengo unatosha. Pima mwenyewe: mita kwenye soketi ya UPS, fezi na nyutro, seva ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo. Ikishuka zaidi ya volti 5 kwa mkondo wa ampea 3 tu, kuna skrubu imelegea au waya mwembamba. Kisha pima nyutro na ethi chini ya mzigo. Zaidi ya volti 2 au 3, itafutwe sababu kabla ya kugusa seva.

#11 Fundi_Mlandege

Na plagi ivuliwe kifuniko. Plagi zetu za pini 3 bapa zina fyuzi ya ampea 13. Za bei poa kibano cha fyuzi kinalegea, kinachomeka cheusi, na kinakatisha umeme kikipata moto. Mkono ukiwekwa juu ya plagi baada ya saa moja ya mzigo usihisi moto. Sehemu za shaba zikiwa na kutu ya kijani, tupa, usikwangue.

#12 Mwana_Kikwajuni | Jumatano, saa 2:40 usiku

Shukrani nyote. Majibu ya usiku wa jana:

Ping ya BMC haikukatika hata mara moja. Ya Debian ilikatika na kurudi kwa dakika 4.

`restart_cause` inajibu unknown. `kernel.panic` ni 0, `panic_on_oom` ni 0. Pstore tupu. Netconsole haikupokea neno baada ya mistari ya kawaida. Mlinzi amezimwa kwa `wdctl` na kwa `ipmitool`.

`sdr type Current` mchana: ampea 0.2 na 1.2. Usiku wakati wa bekapu, dakika moja kabla ya kuanguka: 0.2 na 2.6.

Joto: hewa ya kuingia 31, prosesa ya kwanza 78, ya pili 91. Hitisinki ya pili ina unga mweupe kama Chaza alivyosema, ya kwanza kidogo tu.

SEL ina matukio mengi lakini yote yameandikwa 1970, siwezi kujua lipi ni la lini.

#13 Fundi_Mlandege

0.2 na 2.6! Ampea 2.6 kwa volti 230 ni wati 598 zinazoingia kwenye pawa saplai moja ya wati 495. Hiyo imezidiwa wazi na mwenzake amelala.

#14 Maalim_Keneli

Pole pole. Kwanza, seva nyingi zina mpangilio wa kulaza pawa saplai moja mzigo ukiwa mdogo ili kuokoa umeme. 0.2 mchana ni kawaida kabisa. Kinachotakiwa kuulizwa ni kwa nini haikuamka usiku. Tafuta mpangilio huo kwenye ukurasa wa BMC sehemu ya umeme, uzime, zote mbili zibebe nusu kwa nusu.

Pili, wati 598 ni za kuingia. Kwa ufanisi wa asilimia 92 zinazotoka ni 550. Bado imezidi, lakini seva ikiona pawa saplai inazidiwa inaipa prosesa amri ya kupunguza kasi ndani ya milisekunde chache. Na kinga ya mkondo ikikata khasa, mara nyingi inajifunga, hairudi mpaka uchomoe waya. Yake inarudi. Kwa hiyo ni ushahidi mzito lakini haujafunga kesi.

Tatu, 1970 maana yake saa ya BMC haijawekwa, na huenda betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Badilisha, kisha `ipmitool sel time set now`. Kabla ya hapo hifadhi yaliyopo kwa `ipmitool sel elist > sel_zamani.txt`. Usifute.

#15 BintiMkoani

Angalieni na majira. BMC nyingi zinaandika kwa UTC. Saa 4:17 usiku ya Zanzibar itasomeka 19:17. Mtu akitafuta 22:17 atasema hakuna tukio.

#16 Pweza_wa_Fumba

Dada Mkoani, ping ya BMC kutokatika hakuisafishi UPS. Umeme wa akiba unabeba wati chache tu, kwa hiyo unadumu muda mrefu zaidi kuliko volti 12 kubwa. Umeme ukiyumba milisekunde 20, volti 12 inaanguka, seva inajiwasha, na BMC haijui kitu. Kipimo chako kinaondoa ukatikaji wa nusu sekunde na kuendelea, basi.

Na hesabu yangu ya kapasita inategemea ya Fundi. Zikibeba zote mbili, nishati ni maradufu. Ikibeba moja tu, ndiyo ile milisekunde 20 au 10.

#17 BintiMkoani

Hilo ni kweli. Basi kipimo kinachofuata: pawa saplai moja kwenye UPS, ya pili moja kwa moja ukutani kwenye soketi ya laini nyengine. Ukizima ule mpangilio wa kulala, yumbo la laini moja haliwezi kuiangusha. Ikianguka hivyo hivyo, UPS na soketi zimetoka kwenye orodha.

#18 Mwana_Kikwajuni | Ijumaa, saa 3:25 usiku

Betri ya CR2032 imebadilishwa, saa imewekwa. Mpangilio wa kulala umezimwa, sasa mchana inasoma 0.7 na 0.7. Waya mmoja UPS, mwengine ukutani kwenye laini ya taa za ofisi. Hitisinki nimezipuliza, pesti sijaigusa.

Jana usiku imeanguka tena. Ampea 1.4 na 1.3 kabla ya kuanguka. Prosesa ya pili imeshuka hadi 86. Na SEL safari hii imesema:

`19:21:08 | Processor CPU2 | IERR | Asserted`

#19 Chaza

CPU2! Ile ile yenye unga mweupe, iliyokuwa nyuzi 13 juu ya mwenzake.

#20 Fundi_Mlandege

Haya, pawa saplai ya kulala imetoka. Lakini IERR ni prosesa kusema tu "ndani kumeharibika". Volti ikitetereka kwenye soketi yake itasema hivyo hivyo.

#21 Maalim_Keneli

Naam. IERR ya soketi ya pili inaletwa na vitu vinne hivi: prosesa yenyewe, saketi yake ya volti, memori iliyounganishwa nayo (kidhibiti cha memori kiko ndani ya prosesa), au kadi ya PCIe iliyoko upande wake. Soma hesabu za makosa ya memori:

`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ce_count`
`grep . /sys/devices/system/edac/mc/mc*/ue_count`

Kosa la biti moja ECC inalirekebisha na kulihesabu kwenye ce. La biti mbili (ue) inaligundua lakini hairekebishi, na mashine inasimamishwa ili data isiharibike. Hesabu hizi zinarudi sifuri kila ikiwaka, kwa hiyo ziandike kila dakika kwenye kompyuta nyengine.

Kisha tenganisha mzigo mchana ofisi ikiwa imefungwa. Kwanza `stress-ng --cpu 0 --cpu-method matrixprod -t 40m`. Iache ipoe. Halafu `stress-ng --vm 16 --vm-bytes 75% --vm-method all --verify -t 40m`, mashine pepe zikiwa zimezimwa. Ya kwanza inachemsha prosesa, ya pili inatwanga memori.

#22 Sharifu_Mitandao

Kwa nini asizime Turbo (kasi ya ziada ya prosesa) tu? `echo 1 > /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`. Ikitulia, ni joto.

#23 BintiMkoani

Ikitulia hujatenganisha kitu. Ukizima Turbo unapunguza joto, wati, na kasi ya kuipiga memori kwa pamoja. Inafaa kama kinga ya muda, haifai kama kipimo.

#24 Mwana_Kikwajuni | Jumapili, saa 10:50 jioni

Prosesa peke yake: dakika 40, haikuanguka. CPU2 ilifika 93.
Memori: imeanguka dakika ya 6. CPU2 ilikuwa 81.
mc0 (memori ya prosesa ya kwanza) ce_count: 0. mc1 (ya prosesa ya pili) ce_count kabla ya kuanguka: 37. ue_count zote 0.
SEL: IERR ya CPU2 tena.

#25 Mtaalamu_wa_Vijiti

Nimesoma uzi wote. Memori upande wa CPU2, na sababu ni chumvi. Dhahabu kwenye miguu ya vijiti ni nyembamba mno na ina vitundu visivyoonekana. Chini yake kuna nikeli na shaba. Chumvi ya hewa ya baharini ikikaa pale haina madhara ikiwa kavu, lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 chumvi inayeyuka yenyewe na kuwa maji yanayopitisha umeme. Ofisi ikizima kiyoyozi jioni, chumba cha Mji Mkongwe kinapita hapo bila taabu.

Toa vijiti, sugua kwa raba ya penseli, rudisha.

#26 Fundi_Mlandege

Raba hapana! Raba ina mchanga laini, inakwangua dhahabu iliyobaki na chembe zake zinaingia kwenye soketi. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi, futa kwa kuelekea chini, mara moja kila upande, acha dakika 10 ikauke. Soketi zipulizwe kwa hewa kavu, si kwa mdomo. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, iache.

#27 Chaza

Hoja ya unyevu ina shimo. Seva inayofanya kazi ndani yake ni joto, na hewa ikipashwa moto unyevu wake wa kulinganisha unashuka. Hewa ya nyuzi 30 yenye asilimia 80 ikipita kwenye feni na kufika vijiti kwa nyuzi 42, inabaki asilimia 40 na kitu. Chumvi haiyeyuki hapo. Ingekuwa unyevu, ingeanguka asubuhi ikiwashwa baridi.

#28 Mtaalamu_wa_Vijiti

Haihitaji kuyeyuka saa ile. Kutu iliyoanza miezi iliyopita, seva ikiwa stoo au mashuani kabla ya kufungwa, inabaki. Mzigo unaleta joto, vijiti vinatanuka kidogo, mguu wenye kutu unapoteza mshiko. Ndiyo maana dakika ya 6 na si ya 1.

#29 Pweza_wa_Fumba

Au saketi ya volti ya memori ya upande wa pili, kapasita zake zimechoka. Jaribio la memori linavuta hapo kuliko la prosesa. Makosa 37 yaliyorekebishwa yanaweza kutoka kwa kijiti kizima kabisa kinachopewa volti chafu. Msikinunue kijiti bado.

#30 Maalim_Keneli

Hoja zote tatu zinapimwa kwa kuhamisha. Bandika karatasi kwenye kila kijiti na namba ya soketi yake. Vijiti 8 vya upande wa pili hamishia wa kwanza, vya wa kwanza hamishia wa pili, bila kufuta chochote. Endesha jaribio lile lile la dakika 40. Makosa yakihamia mc0, ni kijiti, na `ras-mc-ctl --error-count` itakutajia kipi. Yakibaki mc1, ni soketi, ubao au prosesa.

Yakibaki, badilisha nafasi za prosesa. Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti, mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, na hitisinki ikazwe skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kwa zamu, maana ikikazwa upande mmoja miguu ya soketi upande wa pili haigusi sawasawa na utapata makosa ya memori mapya kabisa. Ukitoa prosesa tizama miguu ya soketi kwa tochi ya pembeni. Mmoja uliopinda unatosha kupoteza njia nzima ya memori.

#31 Pweza_wa_Fumba

Makosa yakitoweka kabisa baada ya kuhamisha, utajuaje ni kijiti au ni kule kuchomoa na kuchomeka tu?

#32 Maalim_Keneli

Hutajua siku hiyo. Utaendesha mzigo wiki nzima na kuandika ce_count kila dakika.

#33 BintiMkoani

Kabla ya bisibisi, data. Seva imekuwa ikifa katikati ya bekapu, kwa hiyo mafaili ya usiku huo yamekatika njiani. Pitisha `zstd -t` kwa kila faili, lile litakalolalamika si bekapu. Na bora zaidi, rudisha moja kwenye kompyuta nyengine ulione linafunguka. Angalia pia betri ya kadi ya RAID: kama imekufa na kashe ya kuandikia bado imewashwa kwa nguvu, kila kuanguka kunaondoka na maandishi ya Postgres.

Kwa leo usiku zima Turbo na tumia `zstd -T4` badala ya nyuzi zote. Itachukua muda mrefu lakini ina nafasi ya kumaliza.

#34 Mwana_Kikwajuni | Jumapili, saa 5:35 usiku

Bekapu ya `-T4` bila Turbo imemaliza salama, nimeipitisha `zstd -t` na inarudishwa kwenye kompyuta ya pili sasa hivi. mc1 ce_count imesimama 4. Betri ya RAID inasomeka nzima. Vijiti nitavihamisha Jumapili ijayo ofisi ikifungwa, nimeshavibandika namba.

#35 Chaza

4 hata bila Turbo. Piga picha ya pesti ukifungua.

#36 Mtaalamu_wa_Vijiti

Na ya miguu ya vijiti, pande zote mbili, kabla hujafuta.